Ya Kwanza Ilienda Wapi?

Lambwe, jioni

Akinyi mwanangu,

Sitakuuliza hali. Hali yako naijua, nimekuona leo asubuhi ukimaliza mandazi ya nyumba nzima na kumwachia paka makombo. Sasa umekwenda kwa dani kumuaga, na jinsi ninavyomjua mama mkwe wangu, nyanya yako hatakuachilia kabla hujala tena na kuombewa maombi marefu. Basi nina nafasi. Nimekaa hapa mlangoni penye mwanga, begi lako liko kando yangu limekwisha fungwa, na nimejiambia kwamba jua la leo likizama bila mimi kusema, kesho nitakusindikiza hadi barabarani nikiwa bubu kama gogo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu, baada ya miaka yote hii, bado kinawachekesha wanawake sokoni, na Kikuria chako hakizidi salamu na yale matusi mawili uliyofundishwa na wajomba zako kule Ntimaru. Kiswahili ndicho tulichozungumza mimi na baba yako tangu tulipokutana. Ndicho kilichokulea.

Mambo ya kufua, kula, kuweka akiba na kuchagua marafiki, shangazi zako wamekuhubiria wiki nzima na nimekuona ukiitikia huku unatazama simu. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kusema juu ya jambo la juzi mezani.

Tulikuwa tunakula omena. Ulikuwa na furaha ya mtu aliyepangiwa kituo alichokitaka, kikosi cha wanyama wasumbufu kule Taita, ambako tembo huingia mashambani kama nyati wanavyoingia huku kwetu. Ukaanza kunisimulia juu ya risasi mpya mlizojaribu kwenye mafunzo, huku vidole vyako vimejaa ugali.

"Mum, hizi risasi mpya za kiwanda ni moto. Ziko na speed mbaya, hata upepo haizisumbui. Nimepiga nne kwa karatasi, zote ziko ndani ya kifuniko cha soda. Instructor amesema hajawahi ona msichana akipiga hivyo."

"Mlipiga nne tu?" nikakuuliza.

"Tano. Lakini ya kwanza si ni ya kupasha tu? Hiyo hatuhesabu. Hata wewe si unajua."

Niliinuka nikaenda nje kuwafungia kuku, na kuku walikuwa wamekwisha kufungiwa. Ulipotoka ukanikuta nimeshika mlango wa banda, ukanikumbatia, ukadhani nalia kwa sababu unaondoka. Nikakuacha udhani hivyo. Usiku mzima maneno yako yalinizunguka kichwani. Hata wewe si unajua. Ndiyo, mwanangu, najua kuliko mtu yeyote katika bonde hili.

Jinsi baba yako alivyokufa hukuhitaji kuambiwa. Ulikuwa darasa la pili, uliona jeneza, na uliniona nikichukua kipaza sauti na kusema mbele ya watu wote kwamba nilipiga vibaya. Umekua ukilijua hilo kama unavyojua jina lako. Ambalo sijawahi kukueleza ni jinsi mtu aliyekuwa akipiga vizuri kuliko wanaume wote wa kambi yetu alivyopiga vibaya siku ile moja. Nilidhani hutalihitaji. Nilidhani utasomea uuguzi.

Unajua nilikotoka. Ntimaru, mahali ambapo ng'ombe huvuka mpaka bila pasipoti na mwenye zizi hulala jicho moja liko wazi. Baba yangu alikuwa askari wa akiba wa kijiji, amepewa bunduki ya serikali ya kulinda mifugo, na mimi ndiye niliyekuwa naisafisha, kwa sababu kaka zangu walikuwa wavivu na mimi nilipenda harufu ya mafuta yake. Baba alikuwa akichungulia ndani ya mtutu, akiona vumbi anasema, "Robi, bunduki chafu ni aibu ya mwenye nyumba." Nikakua nikiamini kwamba mtutu unaong'aa ni nusu ya kazi. Nilipoajiriwa askari wa wanyamapori na kuletwa huku Lambwe, nilikuja na imani hiyo kama wengine wanavyokuja na Biblia.

Na kambini nikakuta sajenti wa imani hiyo hiyo. Simiyu unamkumbuka, yule mzee mrefu aliyekuwa akikuletea sukari guru. Kila jioni tulisafisha, tukapaka mafuta ndani ya mtutu, na yeye akapita akipenyeza ncha ya kitambaa cheupe. Kikitoka na doa, umepata zamu ya kuchota maji. Mimi sikuchota hata siku moja.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku nikiwa mtoto mchanga, kwa hiyo mnyama mkubwa anapigwa kwa amri tu, pale anapokuwa ametoka hifadhini na kuhatarisha watu. Tulikuwa hatupigi mara nyingi. Lakini ikitokea, ni karibu, ni ghafla, na watu wamekusimamia nyuma wakipiga kelele. Ndivyo nilivyokutana na baba yako pia. Alikuja langoni pa kambi ameshika bua la muhindi lililotafunwa, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka Mbita, "Nani hapa anakula mshahara, na nyati anakula mahindi yangu?" Nikatoka kumjibu. Alipoona ni msichana akapoteza maneno, na Ouma kupoteza maneno si jambo la kawaida. Mwaka uliofuata nikawa nyar Kuria, binti wa Wakuria, mke wa Ouma, na dani akaanza kunifundisha kukaanga omena.

Sasa sikiliza jambo lenyewe.

Risasi tulizokuwa nazo zilikuwa za zamani, nzito na za polepole. Kisha likaja sanduku jipya. Ah, zilipendeza. Maboksi ya rangi, shaba inang'aa, na kasi yake imeandikwa ubavuni kwa tarakimu kubwa kana kwamba tunauziwa pikipiki. Simiyu akaniambia nizijaribu kabla hazijagawiwa. Tukaenda kwenye machimbo ya murram nyuma ya kambi, tukaazima meza ya mpishi, tukajaza mchanga kwenye magunia ya kuegemeza bunduki, tukabandika karatasi ya shabaha kwenye kipande cha katoni mbali kule.

Nikapiga ya kwanza. Simiyu alikuwa na darubini. Akasema, "Juu kushoto, upana wa kiganja. Hiyo ni ya kupasha. Nenda ukazibe."

Ndiyo desturi yetu ilivyokuwa, na naona imefika hadi kwenu. Ya kwanza inapigwa mtutu ukiwa baridi na wenye mafuta, haihesabiwi. Tulikuwa na vipande vidogo vya karatasi ya kaki na gundi ya unga wa ngano. Nikaenda, nikapaka gundi, nikaziba tundu, nikarudi. Kisha nikapiga nne, na zote nne zikaingia mahali ambapo ungeweza kuzifunika kwa kifuniko cha soda. Simiyu akapiga mluzi. Akawaita wengine waje waone. Mpishi mwenyewe akaja, akasahau hata kwamba ile ni meza yake.

Tulirudia siku kadhaa. Kila jioni nilisafisha na kupaka mafuta, kila asubuhi ya kwanza ilikwenda juu kushoto kwa kiganja kile kile, na kila asubuhi nilikwenda na gundi yangu nikaziba. Akinyi, ilikuwa inaniambia. Siku baada ya siku ilikuwa inaniambia jambo moja kwa uaminifu kuliko mtu yeyote kambini, na mimi nikaiziba mdomo kwa unga wa ngano.

Zile za zamani hazikutudhuru kwa sababu ya kwanza na ya tano zilikwenda karibu mahali pamoja. Hizi za kasi, katika bunduki ile, hazikupatana na mafuta yale. Lakini tungejuaje, nasi tulikuwa hatutazami? Na usisahau kwamba huko porini hakuna kupasha. Unatoka kambini na bunduki uliyoisafisha jana. Risasi inayomkuta mnyama ni ile ile tunayokataa kuihesabu. Hata mtoto wa nasari angeliona hilo, na sisi watu wazima wenye vyeo hatukuliona.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisifiwa. Nilirudi nyumbani na karatasi yangu kwapani kama mtoto aliyepita mtihani, na baba yako akaichukua akaitundika ukutani, pembeni mwa kalenda ya duka la dawa za mifugo. Kila mgeni alionyeshwa. "Mke wangu hakosi," alikuwa akisema. "Mkinikopa mkakosa kulipa, shauri yenu." Nami niko jikoni nacheka. Ilikuwa tamu. Sitakudanganya kwamba haikuwa tamu, kuaminiwa na mume wako mbele za watu.

Na wewe, mwanangu, ulipanda kiti siku moja ukaanza kukibandua kile kipande cha kaki kwa ukucha. "Mama, hii ni nini?" Nikakuondoa mkono. Nikakwambia, "Wacha. Hiyo si kitu."

Wewe hukumbuki. Mimi ninakumbuka hata nguo uliyovaa.

Nyati yule alikuwa dume mzee aliyefukuzwa kundini. Alikuwa akitoka hifadhini na kula mahindi ya dani, na asubuhi moja alimkimbiza mpaka akaangusha mtungi na kupanda juu ya ghala, nyanya yako yule yule ambaye leo hawezi kupanda kitanda bila kuugua. Amri ikatolewa. Baba yako alikuwa amefuata nyayo akajua dume linalala wapi, kichakani karibu na kijito. Alikuja kambini kutuita, na kwa utani wake akaja ameshika bua la muhindi lililotafunwa, kama siku ya kwanza. "Nani hapa anakula mshahara?" Hata Simiyu alicheka.

Tulikwenda watatu. Alipotuonyesha mahali nikamwambia arudi nyuma ya ua wa mama yake, akaitikia, nikaamini ameenda. Dume lilikuwa limesimama limenigeuzia ubavu, kichwa kivulini. Haikuwa mbali. Nililenga nyuma ya bega, mahali pa moyo, nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabana. Kila nilichofundishwa nilikifanya. Nikitafuta kosa la mkono au la jicho silipati mpaka leo, na nimelitafuta sana. Risasi ilikwenda pale ilipokuwa ikienda kila asubuhi.

Dume lilijikunja, likaingia kichakani. Simiyu akasogea, akachuma jani lenye damu, akaisugua kati ya vidole. Damu ya mapafu huwa na povu, utafundishwa kama hujafundishwa. Ile haikuwa na povu. Akanitazama. Simiyu hakuwa mtu wa kutazama wenzake vile.

"Tungoje," akasema. "Tungoje sana."

Tulikuwa tunangoja nilipomsikia baba yako nyuma yetu.

"Mbona mmesimama? Si umempiga?"

"Ouma, rudi."

"Amelala huyo."

"Ouma, hatujui. Rudi nyuma."

Akacheka. "Nyar Kuria, karatasi yako nimeiona." Akapita kando yangu, hatua chache tu, akanyoosha shingo kuangalia juu ya nyasi.

Sitakuandikia yaliyofuata. Nitakwambia jambo moja tu kwa sababu ni la kazi yako. Niliingiza risasi ya pili, mtutu sasa una joto na mafuta yamekwisha kuungua, nikapiga huku dume linakimbia, huku nalia kwa sauti, na risasi ile ilikwenda pale pale nilipotaka iende. Dume likaanguka kama lililokatwa miguu. Ilikuwa shabaha nzuri kuliko zote maishani mwangu, na baba yako alikuwa amekwisha kupigwa pembe.

Watu wameniuliza alisema nini mwishoni. Hakusema kitu. Ouma, mtu wa maneno yale yote.

Walipolichuna lile dume, Simiyu alinionyesha jeraha la kwanza. Juu, kushoto. Nilikwenda nyumbani kabla maiti haijarudi kutoka mochari, nyumba imejaa wanawake wanaolia, nikasimama mbele ya ukuta nikakibandua kile kipande cha kaki kwa ukucha, kama wewe ulivyotaka kufanya. Nikaweka kiganja changu. Kilienea sawasawa kati ya tundu lile na yale manne ya sifa. Wanawake walidhani naaga picha ya mume wangu iliyokuwa ukutani hapo. Karatasi ile niliichoma jikoni siku hiyo hiyo, kwa hiyo usiitafute.

Matanga uliyaona. Maspika makubwa, watu wa Homa Bay, watu wa Migori, wajomba zako kutoka Ntimaru wamekaa peke yao kama watuhumiwa. Nilisikia minong'ono. Wengine walisema nyati ametumwa. Wengine walisema ndivyo unavyopata ukioa kule kwa watu wa bunduki. Ba'mdogo wako alisimama akasema kaka yake ameuawa na uchawi na mwenye kuufanya anajulikana, na watu wakaanza kumtazama jirani mmoja mzee ambaye hakuwa amemkosea mtu isipokuwa kuishi peke yake. Nikaona yatamwagikia asiyehusika. Nikaomba kipaza sauti. Nikasema, "Hakuna uchawi. Nyati nilimpiga mimi, nikampiga vibaya, na Ouma alikuwa ameniamini." Nikamrudishia yule kijana wa maspika kipaza sauti chake.

Nilingoja wanifukuze, na wangekuwa na haki. Asubuhi yake dani akaja mlangoni mwangu na kibuyu cha uji. Alikuwa amemzika mwanawe jana yake. Akaniwekea mikononi, akasema, "Nyathina, madhi." Mwanangu, kunywa. Hajawahi kusema zaidi ya hapo juu ya jambo lile, na mimi sijawahi kumrudishia kibuyu. Ndicho kile kilichoning'inia juu ya jiko, ulichokuwa ukiniuliza kwa nini sikitumii.

Nilibaki kazini kwa sababu ulihitaji karo, lakini sikupiga mnyama tena. Niliomba nihamishiwe ghala la silaha. Na kila lilipokuja sanduku jipya na vijana wakaenda kwenye machimbo, nilikwenda nao, nikawazuia kuziba. Nikawa naizungushia ya kwanza wino mwekundu. Mkubwa mmoja akaniambia, "Mama Akinyi, unaharibu karatasi. Hii inaenda makao makuu." Nikamwambia karatasi haijawahi kukimbizwa na nyati. Vijana wakanipa jina, Mama Tundu la Kwanza. Wengine walinisikiliza, wengine walikuwa wakingoja nigeuke ndipo watoe gundi. Simiyu alinisikiliza. Alistaafu bila kuninung'unikia, lakini kile kitambaa chake cheupe sikukiona tena.

Nilikosea na wewe pia, na kosa hilo halina sajenti wa kushirikiana nami. Unakumbuka njiwa? Ulikuwa na manati uliyotengenezewa na watoto wa jirani, ukampiga njiwa, akaangukia kwenye miiba akiwa hai. Ulirudi ndani kula. Nilipojua, nilikuchapa, kisha nikakupeleka kwenye miiba ile tukatafuta mpaka giza likaingia, mikono yako inatoka damu, unalia, nami sisemi neno. Tulimpata. Nikakufanya ummalize wewe mwenyewe. Kutafuta sijuti. Ukimjeruhi kiumbe, ni wako mpaka mwisho. Lakini kukuchapa najuta, na kunyamaza najuta zaidi, kwa kuwa sikuwa namtafuta njiwa, na wewe ulikuwa mtoto, ungejuaje. Ulidhani mama yako ni mkali tu. Nimekuwa mkali mahali ambapo ningesema, miaka na miaka. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nilikuwa nimekwisha kukuzaa, basi nikajiona nina ruhusa ya kuficha.

Sasa unakwenda. Sikukatazi. Nilipoona umeleta ile barua ya kuajiriwa nilitaka kuichana, nikaenda kulima badala yake, nikalima mpaka sehemu isiyo yetu. Naogopa, Akinyi. Naogopa kila siku, tena sitaacha kuogopa kwa sababu wewe unanitabasamia. Una jicho langu na mdomo wa baba yako, na hayo mawili yakiwa katika mtu mmoja yananinyima usingizi.

Bunduki safi si kosa, usije ukanielewa vibaya ukaanza uchafu. Safisha. Lakini kabla ya kutoka kambini pangusa mafuta mpaka mtutu uwe mkavu. Na ukifika huko, asubuhi kabla ya mtu kukuona, omba ruhusa upige moja tu, baridi, kisha weka bunduki chini utembee mpaka kwenye karatasi. Usitume mtu. Weka kidole kwenye tundu lile. Kesho yake tena, moja. Na kesho kutwa. Hizo zibaki katika karatasi moja, ndiyo karatasi yako ya kweli. Zile nne za kifuniko cha soda waachie wanaopenda mluzi. Na kama ya kwanza inakwenda pabaya, badilisha risasi, badilisha utunzaji, au ukatae kwenda. Kukataa pia ni kazi. Watakucheka. Mkubwa wako atasema unapoteza risasi za serikali. Mwambie mama yako ana wazimu wa tundu la kwanza, ulirithi, haina dawa.

Na siku moja utakuwa na mtu anayekuamini. Labda yupo tayari, naona unavyotoka nje kupokea simu. Anayekupenda atasimama pale utakapomwambia pako salama, hatauliza mara mbili, kwa sababu kupenda ni uvivu wa namna hiyo. Usimwonyeshe karatasi iliyozibwa. Mwonyeshe tundu. Kama atakucheka, acheke akiwa nyuma ya ua.

Nasikia sauti yako kwa dani, unacheka, na mbwa wanakusindikiza. Nitaikunja barua hii niiweke katika begi, chini ya sare, usiione kabla hujafika. Kesho tutakunywa chai, nitakutania juu ya mandazi, tutaachana vizuri.

Ukifika utanipigia simu. Mama wengine huuliza umefikaje, umekula nini, unalala wapi. Mimi sitauliza hayo. Nitakuuliza ya kwanza ilienda wapi. Nawe usinipe habari ya kunifurahisha. Niambie pale ilipokwenda, hata kama ni pabaya. Hasa ikiwa ni pabaya. Nitakuwa nimeshika simu hapa jikoni, chini ya kibuyu cha dani, nangoja kusikia.

Mama yako,
Robi